Wizara ilimwacha mzazi nje ya darasa

Matokeo ya kwanza ya mtihani wa KJSEA yalipotangazwa Desemba 11, 2025, zaidi ya watoto milioni 1.1 wa Gredi ya 9 walipata majibu ya kazi ya miaka yao yote shuleni. Wazazi wao walipata vifupisho. EE2 katika Kiswahili, ME1 katika Sayansi Jumuishi, AE1 katika Hisabati, kisha jumla ya pointi kati ya 72. Swali lililoulizwa usiku ule katika nyumba nyingi za nchi hii lilikuwa fupi: je, mtoto amepita au hakupita? Wapo wazazi ambao mpaka leo hawajapata wa kuwajibu.

Kosa si lao. Mtaala wa umilisi, tuliouzoea kwa jina la CBC, ulianza kutumika nchi nzima Januari 2019, na watoto hawa walikuwa Gredi ya 3 mwaka huo. Serikali ilikuwa na karibu miaka saba ya kumwandaa mzazi kwa siku ile ya Desemba. Katika miaka hiyo ilibadilisha vitabu, ikawapeleka walimu semina, ikaunda jopo la kurekebisha elimu chini ya Profesa Raphael Munavu, na ikaamua Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ikae ndani ya shule za msingi. Mzazi, ambaye ndiye anayelipa na ndiye anayeulizwa na mtoto, aliachwa akajifunzie mfumo huu kwa majirani na kwa uvumi wa simu. Uamuzi wa gazeti hili ni kwamba Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani, KNEC, zilizembea katika wajibu wao wa kwanza kwa mzazi, na uzembe huo umewagharimu watoto.

Hatusemi haya kwa kuililia KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani ule, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliwadhulumu watoto wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Mwenye alama 399 alionekana duni mbele ya mwenye 401, kana kwamba swali moja lililokosewa asubuhi ya baridi lingeweza kupima akili ya binadamu. Waliofaulu walibebwa juujuu mbele ya kamera, na wenye alama 180 wakafunga madaftari yao wasiyafungue tena. Nchi ilifanya vyema kuachana na hayo. Lakini KCPE ilikuwa na jambo moja ambalo mfumo mpya haujalipata: mama muuza mboga aliielewa sawasawa na mwalimu mkuu. Alijua kwamba jumla ni 500, alijua 250 ni nusu, na alijua mtoto wa 350 ana matumaini ya shule nzuri. Kabla ya hapo, mzee aliyefanya CPE alijua kwamba 36 ndizo pointi za juu kabisa, na bado anaweza kukutajia zake bila kusita. Mzazi wa leo anapoikamata simu na kujaribu kugeuza EE na ME ziwe alama kati ya 500, asichekwe. Anatafuta kipimo anachokijua kwa sababu hakuna aliyekaa naye kumfundisha kingine.

Kwa kuwa kazi hiyo haikufanywa wakati wake, tuifanye hapa. Ngazi ni nne, na kila moja imegawanywa mara mbili. Anayezidisha matarajio yuko EE: alama 90 hadi 100 ni EE1, pointi 8, na 75 hadi 89 ni EE2, pointi 7. Anayefikia matarajio yuko ME: 58 hadi 74 ni ME1, pointi 6, na 41 hadi 57 ni ME2, pointi 5. Anayekaribia matarajio yuko AE: 31 hadi 40 ni AE1, pointi 4, na 21 hadi 30 ni AE2, pointi 3. Aliye mbali na matarajio yuko BE: 11 hadi 20 ni BE1, pointi 2, na 10 kushuka chini ni BE2, pointi 1. Masomo ni tisa. Mtoto wa EE1 katika yote anapata pointi 72, na huko ndiko inakotoka ile jumla iliyowachanganya watu.

Sasa tazama yaliyomo ndani ya jedwali hilo, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo Wizara haikulisema kwa sauti. Chukua watoto watatu. Wa kwanza amepata 41 katika kila somo. Wa pili amepata 57 katika kila somo. Wa tatu amepata 58. Kwa hesabu ya alama, wa kwanza ana 369 kati ya 900, wa pili ana 513, na wa tatu ana 522. Kwa pointi, wa kwanza ana 45, wa pili ana 45, na wa tatu ana 54. Alama 144 zinazowatenganisha wale wawili wa mwanzo zimefutika kabisa, na alama 9 zilizo kati ya wa pili na wa tatu zimegeuka pointi 9. Mfumo wowote wa ngazi una mipaka, na aliye ukingoni huumia; hata KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iko hivyo. Lakini ngazi hizi hazilingani upana. EE1 ina alama 11 ndani yake, AE1 ina 10, ilhali ME1 na ME2 zina 17 kila moja. Ngazi iliyo pana kuliko nyingine huwafunika watoto wengi wasiofanana, na hizo mbili ziko katikati kabisa ya jedwali, mahali wanapoangukia wanafunzi wa kawaida.

Isitoshe, mzazi wa ME2 aliambiwa mwanawe amefikia matarajio, akalala kwa amani. Hakuna aliyemweleza kwamba huenda mtoto huyo alipoteza zaidi ya nusu ya alama za somo hilo. Mtoto aliyepata 41 katika kila karatasi ya KCPE angekuwa na 205, na hakuna mzazi ambaye angeshangilia. Huenda wataalamu wana sababu nzuri ya kuuweka mpaka pale. Kama wanazo, wazitoe hadharani, kwa lugha ambayo mwanakijiji wa Kwale na wa Busia ataielewa. Kama hawana, wausogeze. Kumwambia mzazi maneno ya kumtuliza wakati mtoto wake anahitaji msaada wa haraka katika Hisabati ni kumnyima mtoto msaada huo.

KNEC ina alama hizo. Wasahihishaji hutia alama, kisha ngazi hutokana nazo. Mzazi hapewi ila ngazi na pointi, kwa hoja kwamba kutoa alama kutarudisha mashindano ya zamani ya nani wa kwanza na shule gani inaongoza. Hoja hiyo ina uzito kuhusu magazeti na mabango ya shule. Haina uzito wowote kuhusu mzazi. Kumwonyesha baba alama za mwanawe, yeye peke yake, si kuzitangaza. Baba huyo ana haki ya kujua kama binti yake alikosa ME1 kwa alama moja au kwa kumi na sita, maana ushauri atakaompa binti huyo kuhusu Sayansi mwaka unaofuata unategemea jibu hilo.

Kuna jambo la pili, na kwetu ni zito zaidi. Alama za mwisho za Gredi ya 9 hazitokani na mtihani wa mwisho peke yake. Asilimia 60 ni KJSEA. Asilimia 20 inatoka katika KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6 ambao watoto hawa waliufanya mwaka 2022. Asilimia 20 iliyobaki ni tathmini zilizofanywa na walimu wao shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Kimsingi huu ni mpango mzuri. Mtoto anayeugua malaria wiki ya mtihani hapotezi kila kitu, na bidii ya miaka haifutwi na siku chache za woga. Tunauunga mkono.

Ila kumbuka mwaka 2022 ulivyokuwa. Mtihani wa Gredi ya 6 haukumpangia mtoto shule. Watoto wote walikwenda Sekondari Msingi. Wazazi wengi waliutazama kama zoezi la kupima hali, na nani angewalaumu? Miaka mitatu baadaye zoezi hilo limerudi likiwa moja ya tano ya matokeo yanayomchagulia mtoto shule ya sekondari ya juu. Mzazi aliyejua hili mapema alimsaidia mtoto wake mapema. Mzazi asiyejua alikuja kulijua wakati hakuna la kufanya. Serikali inapogawa taarifa kwa namna ambayo wenye elimu na wenye pesa hutangulia kuipata, inawapa watoto wa hao pointi za bure.

Kumbuka pia mwaka 2024. Watoto hawa walikuwa Gredi ya 8, na walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi waligoma kwa wiki kadhaa wakidai ajira ya kudumu. Walikuwa na haki ya kudai. Lakini shule ambazo zilitegemea wanagenzi hao zilikaa bila masomo, na tathmini za mwaka huohuo zinahesabiwa. Shule nyingi za msingi zilizopewa jukumu la Sekondari Msingi hazikuwa na maabara, kwa hiyo kazi za vitendo za Sayansi Jumuishi zilitegemea kile ambacho mwalimu angeweza kubeba mkononi. Mtoto wa shule yenye maabara na mtoto wa shule isiyo hata na taa ya Bunsen walitathminiwa kwa mizani moja. Je, alama za shule moja husawazishwa vipi na za shule nyingine? Mwalimu mkarimu na mwalimu mkali wanalinganishwa kwa njia gani? Mzazi anayetaka kukata rufaa kuhusu tathmini ya shuleni anakwenda kwa nani? Haya si maswali ya wataalamu pekee. Ni maswali ya kila mzazi ambaye mwanawe alifundishwa na mwalimu mmoja masomo manne ambayo hakuyasomea chuoni.

Gharama ya kutoelewa inaonekana wakati wa kuchagua shule. Kila mtahiniwa alitakiwa kuchagua shule 12 za sekondari ya juu, zilizopangwa katika makundi ya C1 hadi C4, na kuamua mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uteuzi huo wa awali ulifanywa kabla mtihani haujaandikwa. Mzazi alikuwa anachagua mustakabali wa mtoto akitumia kipimo ambacho hakuwahi kuona kikitumika. Shule za C1, ambazo ndizo zilizokuwa za kitaifa, zina karo rasmi ya shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo hujahesabu sare, godoro, sanduku na nauli. Kwa familia inayoishi kwa kibarua, kukosea katika uchaguzi huo ni kuuza ng'ombe mara mbili. Januari ilipofika, wazazi walizunguka kutoka ofisi moja ya mwalimu mkuu hadi nyingine wakitafuta uhamisho, wengi wao wakiwa na matokeo ambayo hawakuweza kuyatetea kwa sababu hawakujua yanamaanisha nini.

Kenya si ya kwanza kupita hapa, na jirani zetu wametuachia funzo. Nchini Tanzania, matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakapangwa upya, na kabla mwaka haujaisha viwango vya alama vikabadilishwa na daraja la tano likatangazwa. Wananchi wakapiga kelele. Matokeo ya mwaka 2014 yakatoka kwa mfumo mwingine tena, wa wastani wa pointi, ule wa GPA, na madaraja yaliyozoeleka yakawekwa kando. Januari 2016, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, ambaye aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la nchi hiyo, alihoji sababu za mfumo huo kuletwa na akaagiza madaraja yarudi. Vijana waliokuwa katikati ya mabadiliko hayo walibaki na matokeo yaliyoandikwa kwa kipimo ambacho nchi yao yenyewe ilikikataa. Huko ndiko mfumo unakofika ukikosa imani ya wazazi. Hata uwe mzuri kiasi gani kitaalamu, waziri mmoja anaweza kuufuta kwa barua moja, na hakuna atakayeutetea.

Sisi wenyewe tumeanza kuonja hayo. Mwaka 2023 kanuni za kupanga alama za KCSE zilibadilishwa, masomo ya lazima katika hesabu ya gredi ya mwisho yakawa Hisabati na lugha moja, na mengine matano yakawa yale ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mabadiliko hayo yalitangazwa mwaka uleule ambao mtihani ulifanywa. Yaliwasaidia wengi, lakini mzazi alibaki akijiuliza iwapo mwanawe amepanda au ni ngazi iliyoshushwa. Shaka ya namna hiyo ikijikita, cheti hupoteza thamani hata kwa aliyekipata kwa jasho.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweza kumtoza faini au kumfunga mzazi asiyempeleka mtoto shule. Ni sheria kali, na tunaikubali. Lakini dola inayomshurutisha mzazi ampeleke mtoto haina ruhusa ya kumkabidhi matokeo asiyoweza kuyasoma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Taarifa iliyowekwa kwenye tovuti, kwa Kiingereza cha ofisini, siku chache kabla ya matokeo, haijamfikia mwenye haki.

Tuna neno pia kwa wengine. Shule za kibinafsi ambazo zimeshaanza kubandika langoni mabango ya idadi ya EE zilizopatikana zinarudisha ugonjwa uleule tulioutibu kwa gharama kubwa, na Wizara iyaondoe. Mwalimu mkuu asiyeitisha mkutano wa wazazi isipokuwa anapotaka mchango wa basi ajue kwamba ana deni. Na wewe mzazi, kutoelewa mfumo si aibu, lakini kuendelea kumuuliza mtoto amekuwa namba ngapi darasani ni kumpima kwa jambo lisilokuwepo tena. Muulize ameshuka katika somo gani kutoka Gredi ya 7 hadi ya 8, na kwa nini. Nenda kwa mwalimu wa darasa, udai kuona tathmini za shule za mwanao muhula huu, wakati bado zinaweza kurekebishwa, usingoje Desemba. Alama hizo hupelekwa KNEC. Zikishakwenda zimekwenda.

Waziri Julius Ogamba hawezi kusema kwamba hili ni gumu. Machifu wana mabaraza, shule zina mikutano, redio za lugha zetu zinasikika hadi kwenye manyatta, na KNEC inajua jina la kila mtahiniwa na shule yake. Jedwali la ngazi nane, maelezo ya ile 60, 20 na 20, mfano wa hati moja ya matokeo iliyosomwa mstari kwa mstari, na utaratibu wa rufaa vinaenea katika kurasa mbili. Gharama ya kuzichapisha ni ndogo kuliko ya warsha moja ya maafisa hotelini Mombasa.

Tunamtaka Waziri achapishe kurasa hizo mbili kwa Kiswahili na kuzipeleka katika kila shule yenye Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 kabla ya kufungwa kwa muhula wa pili mwaka huu. Tunaitaka KNEC ieleze hadharani jinsi inavyosawazisha tathmini za shuleni, iseme kwa nini ME inaanzia 41, na imruhusu mzazi kuziona alama halisi za mwanawe anapoziomba. Watoto wa Gredi ya 9 wa mwaka 2026 wako darasani sasa, na tathmini zao za Gredi ya 7 na ya 8 zimeshaingia kwenye hesabu.